F ya Hesabu Siyo Tiketi ya Kuja Umeme

Juzi tena. Mzazi kaingia karakana yangu ya umeme chuoni na kijana wake, kabla hata hajakaa: "Mwalimu, huyu hesabu zimemkataa kabisa, ndiyo maana nimeona nimlete kwenye umeme."

Nikameza mate. Mzee wangu, huku ndiko hesabu zinakoishi! Shuleni ukikosea unapewa sifuri. Huku dari linaungua, tena usiku watu wamelala.

Chukua shawa ya maji moto ya wati 5,400. Gawa kwa volti 230, ampea 23.5. Hapo kila mtu anafika. Breka ya 25, sawa. Waya je? Wengi watakwambia mbili na nusu (unene wake kwa milimita za mraba), na wakiona kwenye jedwali la uwezo wa waya kwamba ndani ya paipu inabeba ampea 24 wanatabasamu. (Wanaoweka moja na nusu, waya wa taa, leo sina nguvu nao.)

Hapa ndipo sauti inaponikauka kila muhula. Waya lazima ubebe angalau kile breka inachoruhusu. Breka ya 25 juu ya waya wa 24, waya ndio unageuka fyuzi. Halafu hiyo 24 yenyewe ni ya mazingira ya nyuzi 30. Nani ana nyuzi 30 juu ya jipsamu, chini ya bati, saa nane mchana? Ikifika 50 unazidisha kwa 0.71, kipunguzio cha joto: mbili na nusu inabaki na 17. Waya wa nne, ambao jedwalini ni 32, inabaki na 22.7, haifiki hata mzigo wenyewe. Sita inashuka kutoka 41 hadi 29. Hiyo sasa inalala na breka ya 25 bila ugomvi, mradi iwe peke yake kwenye paipu. Ukiibananisha na saketi nyingine, unapunguza tena.

Asiyejua haya hufanyaje? Breka inakatakata, anaitwa, anatoa ya 25 anaweka ya 32. Haikati tena. Mteja anamsifu, anampa na soda. Kilichokuwa kinaulinda waya kimeshatupwa kwenye ndoo ya takataka.

Hiyo 50, nikiri, ni makadirio yangu. Jedwali tunalofundishia limetoka Uingereza, halikuandikwa na mtu aliyewahi kutambaa darini Dodoma mwezi wa kumi. Mwenzangu wa karakana ya pili anatumia 40, na kwa 40 waya wa nne unapita vizuri tu. Tumebishana miaka mitatu. Mteja mmoja akituuliza wote wawili anaondoka na bei mbili. Kwenye mtihani tunaandika nyuzi joto ndani ya swali ili tusiaibishane.

Na kuna linalonisumbua zaidi. Alikuja fundi wa makamo kupimwa ujuzi alioupata mtaani. Nikampa swali hilohilo la shawa. Akaushika waya wa mbili na nusu, akaangalia juu, akasema, "Huu utachemka mwalimu, hapa sita." Kuandika 0.71 hakuweza. Nikampitisha, maana jibu lilikuwa sahihi. Lakini kesho akikutana na mota ya kinu, au na waya wa mita 80 kwenda kisimani, mazoea yatamfikisha? Sijatulia mpaka leo.

Kuhusu wenye F: wengi wao hesabu haziwakatai wakishika kitu chenyewe. Waliotoka na alama nzuri wakati mwingine wanakokotoa safi kabisa, halafu wanakaza skrubu nusu. Kwa hiyo kijana nimempokea. Nimemwambia Jumatatu aje na kikokotoo, siyo simu.

Mzazi akaonekana kuvunjika moyo. Akaniuliza taratibu kama chuoni hakuna fani isiyo na hesabu. Nikafungua mdomo kumwelekeza ushonaji, nikamkumbuka mama wa kule anavyofukuza wanafunzi kwa kukosea robo ya kipimo cha nyonga, nikaufunga.