Historia ngumu: maana yake, na uzito wa maoni ya wenyeji darasani

Historia ngumu ni sehemu ya wakati uliopita ambayo jamii inaijua lakini haijakubaliana namna ya kuisimulia. Ugumu huo si wa kukariri miaka na majina, wala hautokani na wingi wa damu iliyomwagika peke yake, kwa maana vita vingi vya kale vilikuwa vya kutisha na hata hivyo hufundishwa bila mtu yeyote kuinamisha kichwa. Historia huwa ngumu pale wajukuu wa walioumizwa, wa walioumiza na wa waliokaa pembeni wanapoishi katika kijiji kimoja, wanapooana na kuzikana, na watoto wao wanapokaa dawati moja. Mwalimu akitamka neno «shujaa» au neno «kibaraka», huenda darasani yupo mtoto anayejua kwamba anayetajwa ni babu wa babu yake.

Mfano ulio karibu nasi ni Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo. Tulivyozoea kuvisoma, simulizi yake imenyooka. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya serikali, wakawatoza kodi na kuwachapa viboko, yale mapigo ambayo wazee walikuja kuyaita hamsa ishirini. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu wakang'oa miche mitatu ya pamba. Miche mitatu tu, si shamba zima, lakini waliokuwepo walielewa kwamba hapo vita imetangazwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama ili risasi zisiwadhuru wapiganaji, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo, kabla vita havijaenea kote vilikofika.

Hakuna uongo katika simulizi hiyo, na watoto wanastahili kuijua. Yanayoachwa nje yake ndiyo magumu. Aliyeshika kiboko shambani mara nyingi hakuwa Mzungu, bali akida, yaani ofisa wa serikali aliyeletwa kutoka pwani, au jumbe, mkuu wa kijiji wa palepale aliyeamriwa kuhakikisha kazi inafanyika. Jeshi lililochoma maghala na mashamba hadi njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki lilikuwa na askari wengi Waafrika. Wahehe, waliopigana na Wajerumani kwa ujasiri mkubwa chini ya Mkwawa hadi 1898, safari hii hawakuingia vitani kama taifa moja, na baadhi yao walipigana upande wa serikali. Wangoni, ambao leo tunawakumbuka kwa kunyongwa kwa viongozi wao, walikuwa wamefika Songea kutoka kusini katikati ya karne ya 19 wakiwa watekaji, wakawaweka chini yao Wandendeule na wengineo waliowakuta. Askofu Cassian Spiss na watawa wanne aliosafiri nao waliuawa na wapiganaji Agosti 1905, na misheni ya Peramiho ikachomwa. Kisha Februari 1906, Songea, padri Mkatoliki aliwabatiza wengi wa waliokuwa wakingoja kitanzi. Mkristo wa Peramiho ambaye ni mzawa wa mmoja wa walionyongwa amerithi pande zote mbili za habari hiyo, na hawezi kuchagua upande mmoja bila kuukata mzizi wake mwenyewe.

Hapo ndipo maoni ya umma yanapoingia. Kwa maana yake halisi, maoni ya umma ni yale ambayo watu wa mahali wanayafikiri kuhusu jambo linalowagusa wote, pamoja na yale wanayoyafikiri bila kuyasema. Tusiyachanganye na sauti za wanaosimama kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, lakini ambao kwa mazoea ya sehemu nyingi huwaacha wanawake, vijana na wageni wakisikiliza tu. Ikiwa swali ni kisima kichimbwe wapi, mkutano huo unaweza kuamua na uamuzi ukawa halali. Ikiwa swali ni nini kilitokea 1906, mikono ikinyooshwa yote haibadilishi lililotokea. Naona tofauti hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote: wenyeji wana haki kamili ya kuamua kaburi litunzweje, mnara usimame wapi na kumbukizi iendeshweje, lakini ukweli wa tukio hupimwa kwa ushahidi.

Hata hivyo, ni kosa kubwa mwalimu akidhani kwamba, kwa kuwa maoni hayaamui ukweli, basi hayana kazi darasani. Maoni ya wenyeji ni ushahidi wa namna yake: yanaonyesha jeraha liko wapi na nani hajasikilizwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao, na bila kazi hiyo tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani karibu peke yake. Wazee wale hawakuwa na kauli moja. Wako waliojivunia vita, na wako waliokumbuka njaa tu.

Songea penyewe pana makumbusho ya Maji Maji, na kila mwaka tarehe 27 Februari hufanyika kumbukizi ya walionyongwa. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazawa wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Familia hiyo imekuwa ikidai fuvu la Nduna, ambalo simulizi zao zinasema lilipelekwa Ujerumani. Kwao hili ni suala la mazishi ambayo hayajakamilika. Somo la Maji Maji likifundishwa Songea bila kutaja dai hilo, mwanafunzi atajua mengi kuhusu Berlin kuliko kuhusu nyumba ya jirani.

Namna bora ya kufundisha ninayoijua ni kuuweka ugumu mezani wanafunzi wauone. Chukua hesabu ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye, kwa kuhesabu njaa iliyofuata, wametaja hadi 300,000. Wazungu waliouawa walikuwa 15, na hao walihesabiwa mmoja mmoja kwa majina. Mwalimu anaweza kuziandika hesabu hizo tatu ubaoni na kuwauliza wanafunzi ni nani aliyekuwa akihesabu, alikuwa wapi njaa ilipoingia, na kwa nini upande mmoja una majina. Kisha awatume nyumbani wakawaulize wakubwa wao wanayoyajua, warudi nayo yaliyokubaliana na yaliyopingana, na yote yaandikwe.