Mtihani wa Upangaji wa Nadharia ya Muziki Hauna Kufeli

Kila unapokaribia muda wa wanafunzi wapya kuripoti, ofisi ya taaluma ya chuo chetu cha muziki hupokea malalamiko yale yale: kwamba mtihani wa upangaji umewekwa ili kuwapunguza walioomba, na kwamba mtu aliyepiga udi miaka mingi katika kikundi cha taarab anadhalilishwa anapokalishwa chini kuandika nota. Kwa kuwa safari hii malalamiko hayo yamezidi, na baadhi yake yameletwa na wazee tunaowaheshimu, tumeona ni vyema tulieleze suala hili hadharani.

Anayefika kwenye mtihani huu ameshapata nafasi yake chuoni, kwani upigaji au uimbaji wake ulipimwa siku ya usaili. Kinachotafutwa ni darasa la kumweka: la matayarisho, la nadharia ya kwanza, au la juu yake. Maneno ya "mwanangu kafelishwa" hayana msingi, na tungeomba yakome.

Maswali yenyewe ni ya kawaida, yaani funguo za Sol na Fa, skeli, umbali baina ya nota mbili, na mizani (mpangilio wa mapigo). Katika mizani wengi hujikwaa kwenye 6/8 na 3/4, kwa sababu zote mbili hubeba nota sita za thumuni katika kipimo kimoja. Ila 6/8 huzigawa mafungu mawili ya tatu tatu, na 3/4 mafungu matatu ya mbili mbili. Aliyezoea vals ya taarab huipiga 3/4 bila kufikiri, lakini akipewa kalamu huzifunga nota tatu tatu.

Sehemu ya kusikiliza ndiyo inayotufunulia mengi. Mwalimu hupiga kwa udi maqamu ya Bayati, mojawapo ya skeli za muziki wa Kiarabu, kuanzia Re, na mwanafunzi huandika anachosikia. Mi ya Bayati hukaa baina ya Mi ya kawaida na Mi flati (iliyoshushwa nusu sauti), na huandikwa kwa alama ya flati iliyokatwa kwa kistari. Piano, iliyogawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, haina sauti hiyo. Udi hauna vizuizi shingoni, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ina vichuma vidogo vya kurekebisha nyuzi, kwa hiyo ala hizo huitoa bila taabu. Mara nyingi kijana aliyelelewa katika kasida za madrasa huiimba Mi hiyo pale pale ilipo, kisha akaandika Mi flati ya kawaida. Kwetu huyo ana sikio kamili na amekosa maandishi tu, na darasa la matayarisho limewekwa kwa ajili yake. Akikariri karatasi za zamani ili alikwepe, atapangwa juu, na kabla ya nusu muhula atarudishwa chini, huku ada na muda vimeshapotea.

Wenye cheti cha nadharia cha Daraja la 5 cha ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, nao watafanya mtihani. Cheti hicho tunakiheshimu, lakini mitihani ya nadharia ya bodi hiyo ya Daraja la 1 hadi la 5 hufanywa kwa kompyuta, nasi tunahitaji kuona mkono wa mtu ukiandika.

Mtahiniwa afike na kitambulisho, penseli na kifutio, si kalamu ya wino, na simu iachwe mlangoni ikiwa imezimwa. Atakayechelewa zaidi ya dakika 15 hataingia, isipokuwa anayetoka Pemba ambaye boti yake imechelewa na ametoa taarifa kabla ya mtihani kuanza, akaonyesha na tiketi. Atakayemleta mtu mwingine amfanyie, jambo ambalo hatukutarajia kulazimika kulitaja katika chuo cha muziki, atafutiwa matokeo, ataanzia darasa la matayarisho bila ya haki ya kurudia mtihani, na jina lake litapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, ambayo ina uwezo wa kumsimamisha masomo.

Asiyeridhika na darasa alilopangiwa ana siku saba za kuomba mapitio kwa barua. Barua hiyo iletwe ofisi ya taaluma saa za kazi, na aiandike mwanafunzi mwenyewe; mzee kumpigia simu mwalimu usiku si rufaa, na haitajibiwa.