Kamera ya simu ipimwe kwa uso wa mtu aliyevaa kanzu

Wateja wanaofika studioni kwangu hapa Kampala huniuliza simu ipi ina kamera nzuri, na kabla sijajibu huwa wameshaanza kutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha. Mimi huwauliza wanapiga picha za nini. Wengi hupiga watoto Jumapili, sherehe za kwanjula (za kumtambulisha mchumba kwa wazazi), na marafiki wanaosubiri rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, usiku pale mtaani Wandegeya. Mtu wa namna hiyo anahitaji kamera inayotunza rangi ya ngozi nyeusi na inayoweza kufanya kazi palipo na mwanga hafifu.

Hizo megapikseli tuzimalize mapema. Simu ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli 4 kuwa moja na kutoa picha ya takribani megapikseli 12.5, na simu ya Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023, yenye megapikseli 200, huunganisha 16 kuwa moja na kufikia hapo hapo. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kihisi cha inchi 1/1.3 kina eneo linalozidi mara tatu lile la kihisi cha inchi 1/2.76 kinachopatikana katika simu nyingi za bei nafuu, ingawa cha pili nacho kinaweza kuandikwa megapikseli 50 kwenye boksi.

Ngozi ndiyo mtihani wenyewe. Kamera hukadiria mwangaza kana kwamba kila kilicho mbele yake kikichanganywa kitatoa kijivu cha wastani. Kwa hiyo wazee watano waliovaa kanzu nyeupe wakisimama pamoja, kamera huona weupe umezidi, hupunguza mwangaza, na nyuso zao huzama gizani. Programu ya simu hujaribu kurekebisha kwa kuongeza mwangaza wa nyuso peke yake, na hapo ndipo simu hutofautiana sana: moja huacha ngozi na wekundu wake wa asili na mng'ao kwenye paji la uso, nyingine huipaka kijivu kama aliyepakwa majivu, huku mikunjo ya kanzu ikifutika kabisa. Google ilianza kulishughulikia jambo hili waziwazi mwaka 2021 kupitia simu yake ya Pixel 6, na Tecno imeifanya ngozi nyeusi kuwa sehemu kubwa ya matangazo ya simu zake za Camon, lakini tangazo halipigi picha. Dukani, mwombe mtu mwenye shati jeupe asimame mlangoni jua likiwa nyuma yake, mpige kwa simu zote mbili unazozilinganisha, kisha kuza uso wake. Zima kwanza kile kipengele cha urembo, ambacho kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni kutuchubua bila idhini yetu.

Usiku, simu hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, jambo linalosaidia sana kitu kikiwa kimetulia. Mkono unaogeuza chapati, hata hivyo, hutoka kama moshi. Tazama pia mistari ya giza inayokatiza picha chini ya taa za LED za bei rahisi: umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa kuwa taa hizo huwaka na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, hufanya hivyo mara 100 kwa sekunde, na simu isiyojirekebisha huunasa mpepeso huo.

Lenzi za ziada za megapikseli 2, zile za vitu vya karibu sana na za kupima kina, ni mapambo. Lenzi ya kweli ya kukuza mara 3 ina faida, hasa kwa picha za nyuso, ila hupandisha bei.

Mwisho, usilinganishe picha kwenye vioo vya simu zenyewe, kwa kuwa kioo kimoja huweza kukoleza rangi kuliko kingine. Zihamishie kwenye kompyuta moja kwa waya. Ukizituma kwa WhatsApp kwa mpangilio wa kawaida zitabanwa, na utakuwa unalinganisha mabaki ya picha.