Leseni ya mgodi wa wazi inapohuishwa, mpango wa kurejesha ardhi uwe umeshaanza kazi

Wakazi wa Mtwara wanayafahamu makaa ya mawe katika hatua yake ya mwisho: malori yaliyofunikwa maturubai yakishuka kutoka Ruvuma, na meli zinazoyapakia bandarini. Shimo linalobaki yalikotoka ni wachache waliowahi kuliona. Ninaandika juu ya shimo hilo, pamoja na mashimo yetu wenyewe ya jasi huku Kilwa na ya mawe ya chokaa Mtwara, kwa sababu yote huchimbwa kutoka juu, na yote hufikiwa na siku ambayo mwenye leseni hulazimika kuomba aendelee.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, leseni ya uchimbaji mdogo hudumu kwa miaka 7, na ile ya uchimbaji wa kati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 10, kisha mwenye nayo anaweza kuomba ihuishwe. Wachimbaji wengi huiona hatua hiyo kama suala la ada na fomu tu. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati pekee ambapo mpango ulioandikwa kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini unaweza kulinganishwa na shimo lenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1977 inayosimamia migodi ya wazi ya makaa ya mawe huweka ukomo wa kibali kuwa miaka 5 kwa kawaida, na maombi ya kukihuisha huwasilishwa angalau siku 120 kabla hakijaisha. Mwombaji akitaka kuvuka mipaka ya eneo lake la awali, sehemu hiyo mpya hupimwa kwa masharti yote ya kibali kipya. Kuhuisha si mlango wa kujiongezea ardhi kimyakimya.

Swali ambalo wananchi huniuliza mara nyingi ni kama shimo litafukiwa. Jibu hutegemea hesabu ambayo mkulima yeyote aliyewahi kung'oa kisiki ameiona kwa macho, kwani udongo uliochimbwa ukirudishwa hubaki kichuguu. Mwamba uliovunjwa huumuka, mathalani kwa asilimia 20. Tuseme makaa yenye unene wa mita 3 yamelala chini ya mita 30 za udongo na mwamba. Kifusi cha mita 30 kikirudishwa huwa kama mita 36, wakati shimo lina kina cha mita 33, hivyo linajaa na kifusi kinabaki, ingawa baadaye kitashuka kidogo kwa uzito wake. Sasa tuchukue machimbo ya chokaa yenye mita 1 ya udongo juu ya mita 15 za mawe, mawe ambayo yote huondoka kwenda kiwandani. Kinachobaki cha kufukia hakifiki hata mita moja na nusu. Anayewaahidi wanakijiji kuwa shimo la namna hiyo litakuwa tambarare kama zamani anawadanganya, au hajapiga hesabu. Ahadi ya kweli ni kukata kuta ziwe na ngazi, kulaza mteremko ili ng'ombe na watoto wasitumbukie, na kuamua mapema kama chini patakuwa bwawa au malisho.

Hata hivyo, kitu cha thamani kuliko kifusi chote ni zile sentimita 20 au 30 za udongo wa juu, wenye mbegu, mboji na viumbe hai. Katika ardhi yetu yenye mchanga mwingi, rutuba karibu yote imo humo. Udongo huo unapaswa kuondolewa peke yake, kuwekwa kwenye marundo mafupi na kuoteshwa nyasi ili mvua isiuchukue. Katika machimbo mamoja niliyokagua nilioneshwa rundo refu lenye kibao kilichoandikwa kuwa ni udongo wa rutuba. Nilipochimba kwa jembe kina cha mkono mmoja, nilitoa vipande vyeupe vya mawe na mizizi iliyooza. Udongo wenyewe ulikuwa umetandazwa zamani kwenye barabara ya malori. Kibao kilikuwa kizuri sana.

Makaa yana tatizo la ziada, nalo ni madini ya salfa yaliyomo kwenye mabaki yake, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali, na kijito kinachopita hapo hugeuka rangi ya kutu. Mabaki hayo hufukiwa chini kabisa, hushindiliwa, na hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mawe ya chokaa yaliyosagwa husaidia kupunguza ukali.

Kupanda miti huja mwisho, na hapo ndipo watu huharakisha. Ardhi iliyokanyagwa na malori kwa miaka hushikamana kiasi kwamba mzizi mkuu wa mkorosho hauwezi kupenya, hivyo ni lazima kwanza ipasuliwe kwa meno marefu ya tingatinga, kisha ipandwe mbaazi au nyasi kwa misimu kadhaa. Huko Marekani, hadi asilimia 60 ya dhamana ya fedha, ambayo mwenye mgodi huiweka mapema ili kuhakikisha ardhi itarejeshwa, inaweza kurudishwa baada ya shimo kufukiwa na ardhi kusawazishwa, lakini mwenye mgodi huendelea kuwajibika kwa uoto kwa miaka 5 tangu upandwe, na miaka 10 pale ambapo mvua ya mwaka haizidi takribani milimita 660. Miche iliyopigwa picha siku ya uzinduzi haihesabiki.

Kwa wachimbaji wa Lindi na Mtwara, kalenda ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Leseni ndogo iliyotolewa Julai 2020 itakwisha Julai 2027, na miezi mingi inayotangulia tarehe hiyo, kuanzia Desemba hadi Aprili, ni ya mvua, shimo likiwa na maji na kingo zikiteleza. Kina cha shimo, urefu wa kuta na ujazo wa marundo ya udongo vipimwe Septemba au Oktoba 2026, kungali kukavu, na mchoro wake uwekwe mbele ya serikali ya kijiji kabla fomu hazijajazwa.