Chumba Chini ya Paa: Kibali Kwanza, Msumeno Baadaye

Hapa Arusha, Njiro, Sakina na Moshono kuna nyumba nyingi za paa refu la msauzi, na nafasi iliyo ndani ya paa hilo wenye nyumba wameanza kuitamani. Familia imeongezeka au mpangaji anatafutwa, na fundi anakuja na jibu jepesi: tuweke ngazi, tutandike mbao darini, tutoboe dirisha. Mimi ni mkaguzi wa ramani katika mamlaka ya mji, na namsihi fundi huyo asubiri.

Dari za nyumba zetu nyingi zimeshikwa na mbao za inchi mbili kwa mbili, zilizowekwa kubeba jipsam tu. Sakafu ya chumba cha kuishi husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wa sakafu yenyewe. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni kilo 1,800. Kinachonitisha zaidi ni kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Zile mbao za mshazari zinazokera mtu akipita darini ndizo zinazogawa uzito wa paa. Fundi akizikata apate pa kusimama, kenchi hulegea na kuanza kusukuma kuta kwa nje. Huenda ufa usionekane leo. Lakini Arusha tunaishi jirani na Bonde la Ufa, na walioishi hapa mwaka 2007 wanakumbuka mitetemeko iliyotoka upande wa volkano ya Ol Doinyo Lengai.

Kibali ulichojengea nyumba kinahusu ramani iliyogongwa muhuri wakati ule, basi. Kuinua paa au kugeuza dari kuwa chumba ni kubadili jengo, na unaomba kibali upya katika halmashauri yako, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Peleka uthibitisho wa umiliki, ramani ya msanifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya mhandisi inayoonyesha uzito unavyoshuka hadi kwenye msingi. Ukijenga bila kibali, kazi inaweza kusimamishwa, hata kubomolewa.

Video za Uingereza zimewapotosha wengi. Kule England, kwa masharti, mwenye nyumba anaweza kuongeza hadi mita za ujazo 40 kwenye paa la nyumba ya safu (iliyoungana na za jirani), au 50 kwa nyumba iliyojitenga, bila kuomba ruhusa ya mipango miji. Kinachoachwa kusimuliwa ni kwamba hata huko uimara wa sakafu, ngazi na njia ya kutorokea moto lazima vitimize kanuni za ujenzi na kukaguliwa.

Kabla ya kununua mbao, mlete mhandisi apande darini na kuangalia msingi pia. Kama kiwanja kina nafasi, mara nyingi nitakushauri ujenge chumba chini. Na kama tayari watu wanalala juu bila hesabu ya mhandisi, washushe leo, wakisubiri ukaguzi.