Bakshishi melini haingojei usiku wa mwisho

Wengi wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huambiwa waandae bahasha ya noti wamkabidhi mhudumu wa chumba usiku wa mwisho, la sivyo ataambulia patupu. Hiyo ni desturi ya zamani. Siku hizi kampuni kubwa za Marekani, kama Carnival na Royal Caribbean, huongeza bakshishi zenyewe kwenye akaunti yako ya melini, kila siku na kwa kila abiria, watoto wakiwemo. Ni zaidi ya dola 15 kwa kichwa. Familia ya watu 4 ikisafiri siku 7, hapo ni zaidi ya dola 400. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, msije mkashtukia bili.

Fedha hiyo hugawanywa pia kwa wahudumu wa mezani na wengine msiowaona. Kwa hiyo anayekwenda kaunta kuomba ifutwe ili "ampe mtu wake" anawanyima wenzake, na mimi naona si haki.

Si kila kampuni iko hivyo. P&O Cruises ya Uingereza iliacha utaratibu huo mwaka 2019; bakshishi imo ndani ya nauli.

Noti ya ziada ni hiari. Yule anayewakunjia taulo ikawa tembo juu ya kitanda, na kukumbuka kwamba bibi anahitaji mto wa pili, mpeni mkononi, mkimtaja jina. Hata siku ya pili inafaa.