Mafuta ya kahawia: je, baridi hushusha sukari?

Kwani mafuta ya mwili si yale ya kitambini tu?

Hayo ni meupe, na kazi yake ni kuweka akiba. Yapo pia ya kahawia, ambayo huchoma akiba hiyo ili mwili upate joto. Rangi yake inatokana na madini ya chuma yaliyo kwenye mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, nyingi zilizojaa ndani ya seli zake. Hukaa shingoni, juu ya mtulinga, kandokando ya uti wa mgongo na karibu na figo.

Joto linatoka wapi?

Mitokondria hugeuza chakula kuwa nishati ya kuendeshea mwili. Kwenye mafuta ya kahawia kuna protini iitwayo UCP1 inayoivujisha nishati hiyo njiani, ikaishia kuwa joto tu. Baridi ikikupata, ubongo huziamsha seli hizi kupitia mishipa ya fahamu. Huchoma mafuta yake zenyewe, kisha huvuta mafuta na glukosi (sukari) kutoka kwenye damu.

Nani anayahitaji zaidi?

Mtoto mchanga. Hawezi kutetemeka kwa baridi kama sisi, hivyo hutegemea mafuta haya, na njiti huzaliwa nayo kidogo mno. Akiachwa na majimaji ya uzazi mwilini anapoa, anatumia sukari yake kujipasha joto, na sukari ikishuka sana maisha yake yako hatarini. Ndiyo maana mkunga humfuta upesi, humlaza kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi na kuhimiza anyonye mapema. Akikwambia umvalishe kofia, hata kama uko Tanga na jua linawaka, mvalishe.

Na mtu mzima?

Madaktari waliamini kwa muda mrefu kwamba kwa mtu mzima hayana maana tena. Lakini picha za PET za kutafuta saratani, zinazotumia glukosi yenye mionzi, zilikuwa zikionyesha shingo za baadhi ya watu zikiwaka pande zote mbili, na si kwa uvimbe. Mwaka 2009 tafiti zilithibitisha kuwa ni mafuta ya kahawia. Mwaka 2021, uchunguzi wa picha za watu zaidi ya 52,000 nchini Marekani ulikuta kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 4.6 ya walioonekana na mafuta haya, na asilimia 9.5 ya wasioonekana nayo. Huo ni uhusiano; haujathibitisha kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyowakinga.

Basi nioge maji baridi niache dawa?

La hasha. Mwaka 2015, watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwaweka wagonjwa 8 wa kisukari kwenye nyuzi 14 hadi 15 kwa siku 10, kwa muda usiozidi saa sita kila siku. Insulini yao, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, ilifanya kazi vizuri zaidi kwa takriban asilimia 43. Ila sehemu kubwa ya glukosi ilichukuliwa na misuli, si mafuta ya kahawia, na misuli unaweza kuiamsha kwa kutembea au kulima bila kuganda. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asijaribu kabisa bila daktari: baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha.